Maharagwe Yasiyoliwa

Mama aliniazima bustani yake kwa msimu mmoja wa mvua, kama mtu anavyomwazima jirani sufuria kubwa ya sherehe: aliniangalia machoni kwa muda, kisha akasema nisiirudishe ikiwa imetoboka.

Maneno hayo aliyasema mbele ya manseba. Sisi ambao babu zetu walitoka Kasai kuja hapa Kolwezi kufanya kazi ya migodi, ndivyo tunavyomwita kaka wa mama, na neno lake juu ya watoto wa dada yake ni zito hata kama amepita kunywa chai tu. Huyu wangu hununua madini kwa wachimbaji wadogo na kuyapeleka kwenye madepo ya barabarani. Kwa miaka alikuwa akiitazama ardhi ya nyuma ya nyumba yetu kama mtu anavyotazama paja la kuku kwenye sahani ya mwenzake.

Si yeye peke yake aliyekuwa na macho ya namna hiyo. Tunakaa katika kambi ya zamani ya wafanyakazi, nyumba za matofali zenye uwanja mpana nyuma, na kwenye barabara yetu tu nyumba kadhaa tayari zilikuwa na shimo la madini. Moja lilifunikwa kwa hema la rangi ya machungwa. Jingine lilikuwa chini ya meza ya kulia chakula, na wageni waliombwa kwa heshima wasisukume viti vyao nyuma.

“Dada, hii bustani inakupatia nini?” manseba aliuliza siku ile. “Lengalenga ya njano, majani kama masikio ya panya. Uniachilie nichimbe kidogo tu, tuone kule chini kuko nini.”

Mama alikoroga chai yake mpaka sukari ikakosa pa kujificha.

“Huyu mutoto amesoma mambo ya budongo miaka yote ile,” alisema. “Tumuachilie hii mvua moja. Mvua ikiisha na budongo haijarudia muzuri, utaleta batu yako, mutachimba.”

“Kweli?”

“Kweli. Mi nimechoka kumwagilia mawe maji.”

Manseba alitabasamu kama mtu aliyepewa tarehe ya harusi. Mimi nilibaki nimeshika kikombe, na nadhani sijakiweka chini vizuri tangu siku ile.

Nina shahada ya kilimo katika mji ambao watu wakisema udongo wanafikiria lori. Nilipomaliza chuo nilituma maombi ya kazi kila mahali penye uzio na mlinzi, na waliojibu walisema watanipigia. Nikawa nakaa nyumbani, simu mkononi, nikisoma ujumbe wa zamani ili kuona kama kulikuwa na maana niliyoiruka. Ndiyo tabia yangu. Mtu akiniambia “habari ya asubuhi,” saa sita mchana bado najiuliza kwa nini hakusema “jambo” tu kama siku zote.

Lakini kuhusu bustani sikuwa na shaka ya ugonjwa, nilikuwa na shaka ya dawa tu. Ile bustani ilianzishwa na bibi yangu, babu alipopewa nyumba hii kwa sababu ya kazi yake. Bibi aliilima, mama akakulia humo, nami nikalishwa bukari, ugali wetu, na lengalenga ya humo, mchicha wetu, mpaka nikaota meno. Na muda wote huo, kila asubuhi, ilifagiliwa. Kwetu lupango safi ni heshima ya mwanamke: uwanja mtupu, mwekundu, wenye mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Mama alifagia mbele, akafagia pembeni, akafika bustanini akafagia na humo, kati ya tuta na tuta, kisha akachoma majani yote kwenye kona. Jani lililoanguka jioni halikuiona saa mbili ya asubuhi. Udongo uliobaki ulikuwa uchi. Jua la kiangazi liliuchoma ukawa kama saruji, mvua ya kwanza ikauosha mpaka barabarani. Ulikuwa unakufa kwa usafi.

Jaribu wewe kumwambia mama yako hivyo.

Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba nitapanda mmea wa kufunika udongo, unaotambaa, unaochukua chakula hewani na kukipeleka ardhini, na kwamba ukishakomaa tutaukata na kuuacha ulale hapohapo uoze.

“Tutauacha hapohapo,” mama alirudia.

“Ndiyo.”

“Uchafu.”

“Siyo uchafu, mama. Ni blanketi.”

“Na hatutafagia.”

“Hatutafagia, mama.”

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto wake ameacha kuoga kwa sababu za kisayansi.

Mbegu zilitoka Fungurume. Rafiki yangu wa chuo alikuwa amepata kazi kwenye shamba moja karibu na mji ule, na huko walikuwa wanapanda mukuna, maharagwe yanayotambaa yenye majani mapana kama kiganja. Alinipa mfuko mzima, akamkabidhi dereva wa lori. Nilienda kuupokea kwenye maegesho, katikati ya vumbi na malori ya madini. Dereva aliutoa chini ya kiti chake na kuupima kwa mkono, akanitazama.

“Iko nzito,” alisema. “Ni maharagwe kweli?”

“Ni maharagwe.”

“Umetoa maharagwe Fungurume, unaleta Kolwezi. Ku soko ya hapa maharagwe ilikwisha?”

“Hii haikuliwe.”

Dereva alicheka na kupandisha kioo. Nikaondoka nikifikiria: kwa nini nilisema vile? Ningeweza kusema “ni ya mbegu.” Neno moja tu. Njia nzima, juu ya pikipiki, nilitunga majibu bora.

Kulikuwa na jambo jingine. Mukuna ina ndugu wa porini ambaye maganda yake yana manyoya yanayowasha mpaka mtu anatamani kuvua ngozi. Ile ya kulimwa haina shida hiyo. Lakini mbegu ikiwa mkononi haikuambii ni ya ukoo gani. Nilimpigia rafiki yangu.

“Una hakika si ile ya kuwasha?”

“Hapana, dada. Yetu iko na manyoya laini.”

“Kumbe iko na manyoya?”

“Laini! Kama velours.”

“Velours ya namna gani? Ya kiti ama ya nguo?”

Alikata simu. Alisema baadaye kwamba ni mtandao.

Nilipanda mvua iliposhika sawasawa, mbegu mbilimbili kwenye kila kishimo, mama akinitazama kutoka mlango wa jikoni. Aliumia, niliona. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake mvua kuanza bila yeye kutia lengalenga ardhini. Alikuwa ananunua mboga sokoni kama mke wa mkurugenzi, na kila akirudi aliiweka mezani akasema, “Hii ilimwagiliwa na maji gani, Mungu ndiye anajua.”

Kabla ya kupanda nilifanya jambo lililoonekana kwangu la kawaida kabisa. Nilichota udongo kwenye pembe zote za bustani, nikautia katika visashe vya plastiki, nikaandika alama juu ya kila kimoja, nikapanda pikipiki kwenda kwa mtu ninayemfahamu anayefanya kazi katika maabara, anipimie uchachu wake. Majibu hayajafika hadi leo. Lakini jirani yetu, ambaye kila asubuhi hukaanga mikate mbele ya lango letu, aliniona nikitoka na vile visashe. Na hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua maana ya mtu anayebeba udongo kwenye visashe vyenye alama: anaenda kupima teneur, kujua ndani ya udongo ule kuna shaba na kobalti kiasi gani.

Siku ile jirani aligeuza mikate yake tu.

Mukuna iliota. Wiki chache ilikuwa na adabu, majani mawili matatu, kama mgeni anayekaa ukingoni mwa kiti. Halafu ikazoea. Ikajaza tuta la kwanza, ikavuka kwenda la pili, ikaingia kwenye njia, ikapanda parachichi, ikashika kamba ya nguo. Asubuhi moja ilikuwa imeifunga blauzi yangu nyeupe, ile ya mahojiano ya kazi, mkono wake ukiwa umezungushiwa uzi wa kijani mara kadhaa. Nilisimama pale nikijiuliza kama hiyo ni ishara.

“Inataka kukuoa,” jirani alisema kutoka langoni.

Alikuwa ameanza kuja kuangalia. Mwanzoni alisimama nje, baadaye alisogea ndani, kijiko cha kukaangia mkononi.

“Mama ya mutoto wa licence!” aliita, akiitaja shahada yangu. “Maharagwe yenu itaiva lini? Mi nalete mafuta.”

“Haikuliwe,” mama alijibu kutoka jikoni, na nilisikia aibu katika sauti yake.

“Maharagwe haikuliwe?”

“Uulize mutoto.”

“Mutoto, maharagwe haikuliwe?”

Nilianza kumweleza. Kwamba mbegu zake zina sumu kidogo usipojua kuzitengeneza, kwamba si kwa ajili ya tumbo letu bali kwa ajili ya udongo, kwamba mizizi yake ina vinundu vidogo vinavyofanya kazi na hewa. Nilitumia mikono. Nilifika mbali sana. Jirani alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, akatazama majani yale mazito yaliyofunika ardhi yote kiasi kwamba huoni hata kipande cha udongo chenye ukubwa wa sahani.

“Sawa,” alisema. “Unafunika udongo.”

“Ndiyo! Ninafunika udongo.”

“Mi naelewa, mama. Kila mutu anafunika na kitu yake. Bengine na hema.”

Akarudi kwenye mikate. Nilifurahi kwamba ameelewa. Ilinichukua karibu siku mbili kuelewa alichoelewa.

Halafu yakaja maua. Nilijua yatakuja, nilijua hata rangi yake, lakini mtu anaweza kujua kitu bila kukaa chini akakifikiria, jambo ambalo kwangu ni nadra. Maua ya mukuna ni ya zambarau. Yananing'inia chini ya majani, vishada vizito vya zambarau iliyokolea. Na katika nchi hii ya shaba kuna ua dogo la zambarau linalopenda kuota mahali penye shaba chini; wazee wa migodi walilifuata, na wachimbaji wa leo wakiliona hutembea polepole. Lile ni jani dogo la porini, halifanani na mukuna hata kidogo. Lakini habari haitembei na jani mkononi. Habari ilitoka langoni kwetu ikiwa “maua ya zambarau,” na kufikia jioni ilikuwa imefika kwa manseba.

Alikuja hata chai hakuitaka. Alisimama ukingoni mwa bustani na viatu vyake vilivyong'arishwa, akainama, akainua jani moja kwa kidole, akaona zambarau.

“Dada,” alisema kwa sauti ya kanisani. “Dada, angalia.”

“Naona. Maua.”

“Visashe alipeleka kupima. Mufuko ilitoka Fungurume na lori ya madini. Ile bintu haikuliwe. Inafunika chini mupaka hauone kitu. Na sasa maua.” Akanigeukia. “Mutoto yangu, mbona unaficha manseba yako?”

“Sifichi kitu, manseba. Ni mbolea.”

“Mbolea,” alirudia, akimtazama mama, kama wanavyotazamana watu wazima mtoto anaposema kwamba ni paka aliyekula nyama.

“Kesho naleta batu,” alisema.

“Mvua haijaisha,” mama alisema.

“Dada!”

“Tulisema mvua ikiisha. Inaisha?”

Wakati uleule, kama mwenye kulipwa, mbingu ilinguruma. Au ilikuwa saa ya baruti kule kwenye mgodi wa Mashamba. Vikombe vya kabatini hutetemeka sawasawa kwa vyote viwili. Manseba alitazama juu, akafungua mwavuli wake kwa tahadhari, akaondoka.

Kwa hiyo nilipata siku zilizobaki za mvua. Nilichukua panga nikaikata mukuna yote ikiwa bado katika maua, kwa sababu huo ndio wakati wake, ingawa jirani alisema kwa sauti kwamba sasa naharibu ushahidi. Niliilaza chini ilivyo, mashina, majani, maua, ikawa godoro nene lililofika kwenye vifundo vya miguu. Mvua za mwisho zikanyesha juu yake. Likawa jeusi, likashuka, likaanza kutoa harufu ya chai iliyosahauliwa kwenye birika.

Na mimi nikaanza kuhesabu hofu zangu. Kama godoro halitaoza kwa wakati? Kama litaoza vizuri lakini chini yake udongo utakuwa vilevile? Kama udongo utakuwa mzuri lakini mama hatauona, kwa sababu udongo mzuri hauna alama ya kuonekana mpaka kitu kiote, na kitu hakitaota kabla manseba hajaleta watu? Niliogopa kufunua. Nilijiambia kwamba nikifunua nitaharibu kazi, na hiyo ilikuwa kweli, lakini si ndiyo sababu. Niliogopa kukuta saruji.

Asubuhi moja nilisikia ufagio. Nilitoka mbio. Mama alikuwa ameshindwa kujizuia. Alikuwa amefagia uwanja, ufagio ukaendelea wenyewe kwa mazoea ya miaka, ukaingia bustanini. Kona nzima ilikuwa imefunuliwa. Aliponiona alisimama wima, ufagio mkononi. Nilirudi ndani kwa sababu ningelia, na kumlilia mama kwa sababu ya majani ni jambo gumu kumweleza mtu yeyote.

Mchana nilipotoka, kona ile ilikuwa imefunikwa tena. Majani yote yalikuwa mahali pake, hata yamekandamizwa kidogo. Nilifikiria upepo. Nikafikiria kuku, lakini kuku hufukua, hawafuniki. Nikafikiria kwamba mama amenihurumia, na wazo hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote, maana mtu anahurumiwa akiwa ameshashindwa.

Mvua zikaisha. Anga likawa la bluu tupu, baridi ya asubuhi ikaanza kuuma vidole, na Jumamosi moja manseba akafika na wachimbaji wawili, vijana, mmoja mrefu mwenye taa ya kichwani ingawa jua lilikuwa linawaka, mwingine mfupi mwenye mtaimbo begani. Jirani alihamisha jiko lake la mikate karibu zaidi na lango.

Yule mrefu alitusalimia vizuri. Kisha akakuna shingo.

“Mama, mutusamehe. Kwa kazi yetu, bamama habakaribie shimo. Madini ikiona mwanamuke inakimbia. Muende kwanza ndani ya nyumba, tutawaita.”

Nilishajua habari hiyo; kila mtu hapa anaijua. Manseba naye aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono kutuonyesha mlango wetu wenyewe.

Mama aliingia ndani. Nilidhani amekubali. Halafu akatoka tena na kigoda chake cha jikoni, akampita yule mwenye taa ya kichwani, akakiweka katikati ya bustani, juu ya majani, akaketi, akapanga kitenge chake vizuri kwenye magoti.

“Chimbeni,” alisema.

“Dada, umesikia…”

“Nimesikia. Hii ni bustani ya mama yangu. Nilizaliwa, akanikalisha hapahapa. Kama kuko madini inanikimbia, basi inanijua toka zamani. Chimbeni, pale kwa kona, karibu na jiko. Wewe, mutoto, kuja ukae.”

Sikuwa na kigoda. Niliketi chini kando yake, juu ya mukuna yangu. Wachimbaji walitazamana, wakatazama mbingu, yule mfupi akafanya ishara ya msalaba. Kisha akasukuma majani kwa mguu, akainua mtaimbo juu sana, kama mtu aliyezoea ardhi ya Kolwezi mwezi wa tano, akaushusha kwa nguvu zote.

Mtaimbo uliingia bila sauti. Uliingia mpaka yeye mwenyewe akapepesuka, mkono ukagusa ardhi.

“Ee!” alisema. “Hapa juu iko laini!”

Yule mrefu alichukua koleo, akachota. Udongo ulivunjika kwenye koleo kama keki, mweusi kidogo juu, wenye unyevu, siku nyingi baada ya mvua ya mwisho. Alichota tena.

“Patron,” alimwambia manseba, “hapa mutu alishachimba. Budongo haiwezi kuwa laini hivi kama haijachimbwa.”

Manseba alinigeukia. Uso wake ulikuwa na ushindi na huzuni pamoja, uso wa mtu aliyethibitisha kwamba ndugu yake ni mwerevu kuliko alivyofikiria.

“Nani alichimba hapa?”

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu refu, lenye vinundu na hewa na miezi yote ile. Lakini pale, karibu na kidole chake cha kiatu, kitu cha rangi ya waridi kilikuwa kinajikunja kurudi kizani.

“Ni ile, manseba.”

“Ile nini?”

“Nyungunyungu. Ni yeye anachimba.”

Kisha mama akaanza kucheka. Alicheka kwa bega kwanza, halafu kwa tumbo, mpaka kigoda kikaanza kuzama upande mmoja katika ule udongo laini na nikalazimika kumshika. Langoni jirani naye alicheka, bila kujua kwa nini, na mkate mmoja ukaungua.

“Apimwe na yeye teneur,” mama alisema, akifuta macho.

Waliendelea kuchimba, kwa sababu watu wa kuchimba hawaachi kwa sababu ya kicheko. Chini ya ile tabaka laini, isiyozidi vidole kadhaa, walikuta udongo mwekundu wa kawaida, kisha mawe, kisha udongo mwekundu tena. Walifika kiunoni, wakafika kifuani. Manseba aliinama juu ya kila jiwe, akalipangusa kwa leso yake, akalitafutia rangi ya kijani ya shaba, akalitupa. Hatimaye yule mrefu alitoka, akakung'uta mikono.

“Patron, hakuna. Ama ilikuwa, ikakimbia.” Alimtazama mama bila ubaya. “Bamama walikaa karibu sana.”

“Dada,” manseba alisema, “umeikalia ikakimbia.”

“Pole,” mama alisema. “Lakini shimo mumechimba muzuri. Musilifukie. Mulipanue tu kidogo hapa juu.”

Na hapo ndipo nilipoona ndoo. Ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na ndani yake mche wa ndizi, mizizi imefungwa kwa gunia lililoloa. Haukuwa mche wa asubuhi ile. Gunia lilikuwa limeshaota ukungu mwembamba.

Wachimbaji walipanua shimo kwa sababu mama aliwaomba vizuri, na kwa sababu alikuwa ametaja bukari. Mama hakuwangoja. Aliinuka kwenye kigoda, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, na ndani ya fundo mlikuwa na mbegu za lengalenga, ndogo nyeusi kama baruti. Akatenga majani kwa mkono, mstari mmoja, akanyunyiza, akafunika. Mstari wa pili. Hakuniuliza kama ni hivyo. Ilikuwa hivyo.

Nilimfuata kwa magoti.

“Mama. Ulijua toka lini?”

“Kujua nini?”

“Kwamba bustani imepona. Kwamba udongo…”

“Siku nilifagia,” alisema, bila kuinua kichwa. “Nilifagia, nikaona chini yake. Ilikuwa na maji, budongo inavunjika yenyewe. Ulitoka ukanitazama kama nimeua mutu. Ulipoingia nikarudisha majani.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungefurahi, halafu ungeanza kuuliza kama ninasema tu kukufurahisha.”

Swali hilo tayari nilikuwa nimeanza kujiuliza.

“Na manseba? Kwa nini ulimwacha aje?”

Mama alinionyesha shimo kwa kidevu. Yule mfupi alikuwa bado ndani, anaonekana kichwa tu, anasawazisha ukingo kwa uangalifu wa mtu anayetengeneza kitu chake mwenyewe.

“Miaka mingapi nakuambia nataka mugomba hapo? Wewe ungeichimba?”

Tulikula wote siku ile, wachimbaji, manseba, na jirani aliyeleta mikate iliyoungua kidogo. Manseba alikula kwa hasira mpaka bukari ya pili, kisha akakubali kwamba mvua imeisha, udongo umerudi, na yeye ni mtu wa neno lake. Jirani aliomba mbegu za maharagwe yasiyoliwa. Alisema hataki kufunika kitu chochote, ni kwa ajili ya udongo tu, akanikonyeza.

Sasa mama anafagia kila asubuhi kama zamani. Mistari ya ufagio inakuja kutoka langoni, inapita mlango wa jikoni, inafika kwenye bustani na kusimama hapo, sawa kabisa, kama miguu ya mtu aliyefika mlangoni pa kanisa akakumbuka kuvua kofia. Lengalenga ilitoka kijani, ya kijani kweli, majani makubwa kama ya zamani za bibi. Nina wasiwasi kwamba mgomba utaitia kivuli, na kwamba parachichi halijasahau ile mukuna, na kwamba yule wa maabara atapiga simu siku moja na majibu yatakuwa mabaya.

Manseba alipita juzi kunywa chai. Mama alimfungia fungu la lengalenga aende nalo, limeng'olewa zima na mizizi. Alipofika langoni alifikiri hatumwoni. Aligeuza lile fungu kichwa chini, akapangusa udongo kwenye mizizi kwa kidole gumba, akautazama vizuri kwenye jua, kama alivyoyatazama yale mawe. Halafu akaendelea na safari.